Maswali na Majibu: Mshipa wa ubongo ukiziba, seli hufaje?

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu kiharusi cha mshipa kuziba, na nyingi zinataka kujua kinachotokea ndani ya seli yenyewe. Kiharusi cha mshipa kupasuka tutakigusa pale tu kinapoingiliana na hiki. Barua tumezifupisha.

Nasoma uuguzi mwaka wa pili. Darasani tumefundishwa kwamba ubongo ukikosa oksijeni kwa dakika 4 seli zinaanza kufa. Wodini nasikia mgonjwa wa kiharusi anatibika hata baada ya saa 4. Nishike lipi? – Mwanafunzi, Mwanza

Yashike yote mawili, maana kila moja lina mahali pake. Dakika 4 ni za moyo uliosimama, ambapo damu haifiki popote kichwani. Kiharusi ni mshipa mmoja ulioziba, mara nyingi ateri ya kati ya ubongo, huku mishipa jirani ikiendelea kupenyeza damu kidogo kidogo kupitia njia za pembeni.

Kwa kawaida kila gramu 100 za ubongo hupata takriban mililita 50 za damu kwa dakika. Kiwango kikishuka hadi karibu 20, seli hunyamaza: mkono unalegea, maneno hayatoki, lakini seli zenyewe bado ziko hai. Kikishuka chini ya 10, pampu za kwenye utando wa seli zinasimama, na kutoka hapo kifo ni cha dakika chache. Kwa hiyo eneo lililokosa damu lina sehemu mbili. Katikati kuna kitovu, ambacho mara nyingi kimeshakwenda kabla mgonjwa hajapakiwa kwenye gari. Kukizunguka kuna ukanda ulionyamaza bila kufa, ambao Astrup, Siesjö na Symon waliuita penumbra mwaka 1981. Matibabu yote ya saa za mwanzo yanaugombania ukanda huo. Kitovu hakuna anayekirudisha.

Mwaka 2006 daktari Jeffrey Saver alipiga hesabu kwamba mshipa mkubwa ukiziba na kuachwa, mgonjwa wa kawaida hupoteza niuroni (seli za neva) milioni 1.9 kila dakika. Huo ni wastani. Mwenye njia nzuri za pembeni anaweza kuwa na penumbra hata saa 20 baadaye, na ndiyo maana utafiti wa DAWN uliotoka 2018 uliweza kuwanufaisha wagonjwa walioondolewa bonge la damu lililoziba mshipa kati ya saa 6 na 24, tena waliochaguliwa kwa picha. Mwingine saa ya 3 tu hana kilichobaki. Kwa kumtazama kitandani huwezi kuwatofautisha, kwa hiyo kila mgonjwa mchukulie kuwa ni yule wa pili.

Hamjambo wahariri. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wamenibana: kama shida ni kukosa oksijeni, kwa nini seli isilale tu isubiri damu irudi? Naomba hatua moja moja, msiruke. – Mwalimu wa biolojia, Nakuru

Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza swali ambalo vitabu vingi hulipita pembeni. Seli ya ini au ya msuli inaweza kuvumilia. Niuroni haiwezi, kwa sababu uhai wake ni kama mtumbwi unaovuja ambao haujazama kwa vile tu kuna mtu anachota maji usiku na mchana. Akipumzika, unazama.

Mchotaji ni pampu ya sodiamu na potasiamu. Kwa kila molekuli moja ya ATP, sarafu ya nishati ya seli, inatoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 ndani. Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unatumia asilimia 20 hivi ya oksijeni ya mtu aliyetulia, na sehemu kubwa ya nishati hiyo inakwenda kwenye pampu hizi. Akiba haipo. Niuroni haina ghala la glaikojeni la maana. Kiasi kidogo kilichopo kimo kwenye astrosaiti, seli zinazoihudumia.

Damu ikikatika, mitokondria, vinu vya nishati vya seli, zinasimama. Seli inageukia kuvunja glukosi bila oksijeni, njia inayotoa ATP 2 tu kwa kila glukosi badala ya 30 hivi, na kuacha asidi ya laktiki nyuma yake. Ndani ya kitovu ATP inamalizika kwa dakika chache na pampu zinazima. Potasiamu inavuja nje: kawaida nje ya seli iko karibu milimoli 3 kwa lita, sasa inapanda hadi 60 na zaidi. Utando unapoteza chaji yake. Sodiamu na kloridi vinaingia, maji yanafuata, seli inavimba. Uvimbe huu wa ndani ya seli ndio unaong'aa kwenye MRI ya aina ya difyusheni ndani ya dakika chache. CT ya kawaida haiuoni mapema hivyo. Saa za mwanzo inaweza kuonekana safi kabisa. Tunalisema kwa sababu wapo wanaorudishwa nyumbani kwa maelezo kwamba "picha haina kitu". CT ya mwanzo inatafuta damu iliyovuja. Haikatai kiharusi.

Hadi hapo ni kukosa nishati. Kuanzia hapa seli inauawa na vitu vyake yenyewe.

Cha kwanza ni glutameti, kemikali ambayo niuroni hutumia kuamsha nyingine. Ndani ya seli imejaa tele, nje inatakiwa iwe kidogo mno, na wanaoifagia ni visafirishaji vya kwenye utando wa astrosaiti na niuroni. Visafirishaji hivyo vinaendeshwa na tofauti ya sodiamu kati ya nje na ndani. Tofauti ikipotea, vinageuka na kuanza kuimwaga glutameti nje. Aliyeyapa jina madhara ya msisimko huu uliopita kiasi ni John Olney, mwaka 1969.

Glutameti inagonga mlango unaoitwa kipokezi cha NMDA. Siku za kawaida mlango huo una kizibo cha ioni ya magnesiamu, kinachotoka pale tu utando unapopoteza chaji. Sasa chaji imekwisha potea na glutameti imejaa, hivyo mlango unabaki wazi na kalsiamu inamiminika. Kalsiamu nje ya seli ni karibu mara 10,000 ya ile ya ndani, na seli inaitumia kama amri ya kuwasha vimeng'enya. Ikifurika, vinawaka vyote kwa pamoja. Kalpaini inakatakata nguzo za protini zinazoshikilia umbo la seli. Fosfolipesi A2 inamega mafuta ya utando. Kimeng'enya cha tatu kinatengeneza nitriki oksidi, na hapa pana jambo la kutazama kwa karibu: kimeng'enya hiki hakielei ovyo ndani ya seli. Kimefungwa kwenye mkia wa kipokezi cha NMDA kwa protini iitwayo PSD-95, mlangoni kabisa kalsiamu inapoingilia, kwa hiyo ndicho cha kwanza kupata amri.

Nitriki oksidi ikikutana na supaoksidi, oksijeni yenye elektroni ya ziada, inayovuja kutoka mitokondria, inazaliwa peroksinitriti, ambayo inavunja nyuzi za DNA. Seli inatuma kimeng'enya cha kukarabati, PARP-1. Mivunjiko ikiwa mingi, PARP-1 inamaliza NAD+ yote katika kukarabati, na bila NAD+ hata ATP kidogo iliyobaki haitengenezwi tena. Seli inafilisika kwa gharama za ukarabati. Wakati huohuo mitokondria zilizojaribu kuimeza kalsiamu zinafungua tundu kwenye utando wake wa ndani, zinavimba, na kumwaga protini iitwayo saitokromu c.

Kuna jingine ambalo wanafunzi watalipenda. Kutoka kwenye kitovu hutoka mawimbi ya niuroni kupoteza chaji, yanayotambaa juu ya gamba la ubongo kwa milimita chache tu kwa dakika. Aristides Leão aliyaeleza mwaka 1944, akimchunguza sungura. Kila wimbi linapopita penumbra, seli za pale zinalazimika kusukuma upya ioni zote kwa nishati zisizokuwa nayo. Mawimbi yakirudia, kitovu kinapanuka.

Wataalamu, vitabu vinataja nekrosisi, apoptosisi, nekroptosisi, feroptosisi, pairoptosisi. Kwenye kiharusi ni ipi hasa? Na maabara nitaitambuaje? – Mwanafunzi wa udaktari, Kampala

Zote, mahali tofauti na saa tofauti. Kinachoamua kwa kiasi kikubwa ni ATP iliyobaki. Apoptosisi ni kifo chenye utaratibu, na utaratibu unahitaji nishati: saitokromu c ikitoka inaungana na protini Apaf-1, kimeng'enya kaspesi-9 kinawashwa, kinaiwasha kaspesi-3, seli inasinyaa na kujigawa vipande. Kitovuni hakuna ATP ya kufanya hayo, kwa hiyo seli zinapasuka tu, na hiyo ndiyo nekrosisi, nazo hufa mapema. Penumbra ina nishati kidogo, na huko apoptosisi huonekana kuanzia saa kadhaa hadi siku kadhaa. Mfano mkali wa kuchelewa ni wa Kirino, 1982: panya wa jangwani waliokatiwa damu ya kichwani kwa dakika 5 tu, niuroni za CA1 za hipokampasi zilionekana nzima siku ya kwanza, kisha zikafa kati ya siku ya 2 na ya 4.

Nekroptosisi inaendeshwa na protini RIPK1, RIPK3 na MLKL. MLKL ndiyo inayotoboa utando, na njia hii hufunguka pale kaspesi-8 inapozuiwa. Hapo pana mtego: ukimwaga kizuizi cha kaspesi ukidhani unaokoa, baadhi ya seli zinahamia nekroptosisi na kufa vilevile. Feroptosisi, iliyopewa jina mwaka 2012 na kundi la Brent Stockwell, ni mafuta ya utando kuoza kwa msaada wa chuma pale kinga ya GPX4 inapoishiwa nguvu. Pairoptosisi ni protini gasdemini D kutoboa utando baada ya inflamasomu NLRP3, mkusanyiko wa protini za kinga, kuamsha kaspesi-1. Huonekana sana kwenye mikroglia, seli za kinga za ubongo, na hapo ndipo uchochezi unapopata mafuta.

Sasa maabara. Usitegemee TUNEL peke yake. Inapaka rangi DNA iliyovunjika, na DNA huvunjika hata kwenye nekrosisi. Ukitaka kudai apoptosisi, onyesha kaspesi-3 iliyokatwa pamoja na umbo la kiini kilichosinyaa. Ukitaka kudai nekroptosisi, onyesha MLKL yenye fosfati, kisha onyesha kwamba ukizuia RIPK1 seli zinapona. Kwa kuzuia RIPK1 tumia Nec-1s, si nekrostatini-1 ya mwanzo, kwa sababu ile ya mwanzo inazuia pia kimeng'enya IDO. Feroptosisi inadai mafuta yaliyooksidika, na uokozi kwa ferostatini-1.

Kwa kupima ukubwa wa eneo lililokufa wengi hutumia rangi ya TTC: vipande vya ubongo vya milimita 2, mmumunyo wa asilimia 2, nyuzi 37, dakika 15 hadi 30. Palipo hai panakuwa pekundu, palipokufa panabaki peupe. Makosa ya kawaida ni mawili. Ukikata mapema mno, vimeng'enya vya mitokondria bado vinafanya kazi ndani ya seli ambazo hazina muda, na eneo linaonekana dogo. Ukichelewa siku kadhaa, seli za uchochezi zilizohamia pale zina mitokondria zao na zinapaka wekundu wa uongo. Halafu sahihisha uvimbe: chukua ujazo wa upande ambao haukuzibwa, toa ujazo wa tishu nyekundu ya upande ulioziba.

La mwisho, na limeharibu tafiti nyingi kuliko yote: joto. Mwaka 1990 Buchan na Pulsinelli walionyesha kwamba dawa MK-801 ya kuzuia kipokezi cha NMDA, iliyosifiwa kwa kulinda niuroni za panya wa jangwani baada ya kukatiwa damu ya kichwani, ilikuwa ikiwashusha joto, na joto hilo dogo ndilo lililowalinda. Walipowapasha kurudi kwenye joto la kawaida, kinga ikatoweka. Pima joto la kichwa, si la mkunduni peke yake, na endelea kulipima baada ya kushona.

Shikamooni. Mzee wetu alipooza upande mmoja, presha 190 kwa 100. Hospitalini wakakataa kuishusha, wakasema waiache. Tulizozana nao hadi usiku. Kweli walikuwa sahihi? – Binti yake, Tanga

Pole sana, dada, kwa mzee. Kama CT ilionyesha hakuna damu iliyovuja na hakuwa anapewa dawa ya kuyeyusha bonge, walikuwa sahihi, na huenda kukataa kwao kulimsaidia.

Ubongo wenye afya hujirekebishia mwenyewe upana wa mishipa yake, presha ikipanda au kushuka damu inabaki ileile. Kwenye penumbra mishipa imeshatanuka hadi mwisho wake. Haina tena pa kutanukia, kwa hiyo damu inayofika pale inafuata presha moja kwa moja. Ishushe presha ghafla, na seli zilizokuwa kwenye mililita 15 zinaweza kushuka chini ya 10. Umezihamisha kutoka penumbra hadi kitovu kwa mkono wako.

Ndiyo maana mgonjwa asiyepewa dawa ya kuyeyusha bonge huachiwa presha yake siku ya kwanza isipozidi 220 kwa 120, labda awe na sababu nyingine ya haraka kama moyo kushindwa au aota, mshipa mkuu wa damu, kuchanika. Ikibidi kushushwa, ni takriban asilimia 15 tu ndani ya saa 24. Anayepewa dawa ya kuyeyusha lazima awe chini ya 185 kwa 110 kabla, na chini ya 180 kwa 105 saa 24 zinazofuata, kwa kuogopa kuvuja damu. Kiharusi cha kupasuka kina kanuni tofauti, pale presha hushushwa mapema. Kwa hiyo bila CT hakuna anayejua ashike ipi.

Tabia ya kutoboa kidonge cha nifedipini, dawa ya kushusha presha, na kumdondoshea mgonjwa chini ya ulimi iachwe kabisa. Presha inaanguka kama jiwe na hakuna wa kuidaka.

Nimetumiwa ujumbe kwamba mtu akipata kiharusi umtoboe vidole 10 kwa sindano hadi damu itoke. Na aspirini je? – Msomaji, Dodoma

Vidole hapana. Damu ya kidoleni haina njia yoyote ya kulegeza bonge lililo ndani ya fuvu, na dakika 10 za kutoboa ni niuroni karibu milioni 19 kwa hesabu ile ya Saver.

Aspirini nyumbani pia hapana. Hujui kama mshipa umeziba au umepasuka, na huenda hawezi kumeza, kidonge kikaenda mapafuni. Hospitali ikishahakikisha hakuna damu, aspirini ya miligramu 160 hadi 300 hutolewa ndani ya saa 24 hadi 48, na kwa aliyeyeyushiwa bonge husubiriwa saa 24 kwanza. Cha kufanya nyumbani ni kuandika saa ya mwisho aliyoonekana mzima. Siyo saa mliyomkuta. Mliyemkuta amepooza alfajiri, saa yake ni ile aliyolala.

Wagonjwa wetu wengi wa kiharusi wanafika na sukari 14 au 15. Je, sukari inaongeza kifo cha seli au ni ishara tu ya hali mbaya? Na dripu gani? – Tabibu, Kigoma

Ni yote mawili. Mwili ulio kwenye mshtuko hupandisha sukari wenyewe, hivyo sehemu ya hiyo 15 ni ishara. Lakini penumbra yenye glukosi nyingi na oksijeni kidogo inazalisha asidi ya laktiki zaidi. Asidi inafungua milango mingine ya utando iitwayo ASIC1a, ambayo nayo inapitisha kalsiamu bila kuhitaji glutameti. Na damu inaporudi, glukosi ileile inaulisha mfumo unaotengeneza supaoksidi.

Ungetegemea basi kwamba kuibana sukari sana kungesaidia. Haikuwa hivyo. Utafiti wa SHINE wa 2019 uliwalinganisha waliobanwa kwa insulini hadi milimoli 4.4 hadi 7.2 kwa lita na wale walioachiwa chini ya 10: hali yao baada ya miezi 3 haikutofautiana, na waliobanwa walipata zaidi sukari kuanguka. Lenga 7.8 hadi 10, tosha.

Dripu ni chumvi ya kawaida, asilimia 0.9. Usimwekee dekstrosi (maji ya sukari) isipokuwa sukari yenyewe imeanguka. Na kipimo cha kidole kiwe cha kwanza kabla ya chochote, kwa sababu sukari chini ya 3.3 inaweza kupooza upande mmoja wa mwili ikaiga kiharusi vizuri kabisa, na ukiirekebisha mgonjwa anaweza kuinuka mezani. Oksijeni mpe kama kipimo kiko chini ya asilimia 94. Juu ya hapo haimsaidii. Joto likizidi 38 lishushe na utafute chanzo, maana kila tuliloeleza hapo juu, kuanzia glutameti hadi peroksinitriti, huenda kasi zaidi mwili ukiwa na homa.

Mimi ni mfamasia. Kama njia zote hizi zinajulikana, kwa nini rafuni kwangu hakuna dawa hata moja ya kuzuia seli zisife? – Msomaji, Mombasa

Siyo kwamba hazikujaribiwa. Mwaka 2006 O'Collins na wenzake walihesabu tiba 1,026 zilizokuwa zimejaribiwa, 114 kati yake zikafika kwa binadamu. Nyingi zilifanya vizuri kwa panya.

Angalia namna zilivyoanguka, kila moja ina sababu yake. Vizuizi vya NMDA kama selfoteli vilileta njozi na fadhaa kwa dozi ambayo ingetosha kulinda ubongo. Tena kipokezi hichohicho, saa za mwanzo zikishapita, ndicho kinachoipa seli ishara ya kuendelea kuishi. Ukikizuia siku ya pili unaua uliyemwokoa. Magnesiamu, kile kizibo cha asili, ilionekana salama, tatizo likadhaniwa ni kuchelewa. Basi huko Los Angeles utafiti wa FAST-MAG ukawapa wagonjwa 1,700 magnesiamu au dawa bandia ndani ya gari la wagonjwa, nusu yao kabla ya dakika 45 kupita tangu dalili zianze: gramu 4 kwanza, kisha gramu 16 kwa saa 24. Matokeo yalitoka 2015, tofauti hakuna. NXY-059, ya kunasa chembe huru za oksijeni, iling'ara kidogo kwenye SAINT I ya 2006; SAINT II ya 2007, yenye wagonjwa zaidi ya 3,000, ikaizima.

Nerinetaidi ndiyo iliyotusikitisha zaidi, kwa sababu wazo lake ni zuri: inatenganisha PSD-95 na kipokezi cha NMDA, yaani mlango unabaki unafanya kazi yake lakini kile kimeng'enya cha nitriki oksidi kinaondolewa mlangoni. ESCAPE-NA1 ya 2020 haikuonyesha faida kwa ujumla. Kwa waliopata pia alteplesi, ile dawa ya kuyeyusha bonge, nerinetaidi iliharibiwa, maana alteplesi inaamsha plazmini, kimeng'enya kinachoyeyusha damu iliyoganda, na plazmini inaikata nerinetaidi ambayo yenyewe ni peptidi.

Kwa maoni yetu kosa kubwa lilikuwa kufunga mlango mmoja wakati seli ina mitano ya kufia. La pili ni panya wenyewe: vijana, hawana presha wala kisukari, wanapewa dawa kabla au mara tu mshipa unapozibwa, na mshipa wao unafunguliwa kwa ratiba. Mabunda ya nyuzi nyeupe, ambayo kwa binadamu ni karibu nusu ya ubongo mkubwa na kwa panya ni sehemu ndogo, hufa zaidi kupitia vipokezi vya AMPA na keineti, milango mingine ya glutameti, na kizuizi cha NMDA hakiyagusi vizuri. La tatu ndilo rahisi kuliko yote: mshipa ukiwa bado umeziba, dawa inafikaje? Tangu 2015, bonge lilipoanza kuvutwa kwa katheta kwa ushahidi imara, tafiti nyingi mpya zinaitoa dawa sambamba na kufungua mshipa. Edaravoni, nayo ya kunasa chembe huru, inatumika Japani tangu 2001, lakini kwengineko madaktari wengi hawajashawishika.

Mshipa ukishafunguka si ndiyo mwisho wa tatizo? – Muuguzi, Zanzibar

Si mwisho, dada, ingawa kuufungua bado ni bora kuliko kuuacha. Wakati wa ukame wa damu seli hulimbikiza saksineti, zao la katikati ya safari ya kuchoma chakula. Oksijeni ikirudi, mitokondria zinaichoma kwa pupa, elektroni zinarudi kinyumenyume kupitia kompleksi ya kwanza, na supaoksidi inafumuka ndani ya dakika za mwanzo. Seli nyeupe zinaletwa na damu hiyohiyo mpya, zikiwa na MMP-9, kimeng'enya kinachomeng'enya kuta za mishipa midogo. Kuta hizo zikiwa zimekwisha dhoofika, damu inavuja kwenye tishu iliyokufa. Hiyo ndiyo sababu ya kikomo cha saa 4 na nusu kwa alteplesi ya kawaida: kadiri unavyochelewa ndivyo mshipa unaoufungua unavyokuwa umeoza.

Dozi ya alteplesi ni miligramu 0.9 kwa kilo, isizidi 90 kwa mtu yeyote. Asilimia 10 inaingia kwa dakika 1, iliyobaki kwa dakika 60. Wa kilo 60 anapata 54: 5.4 kwanza, kisha 48.6. Makosa ya wodini ni kukisia uzito kwa macho, na kusahau kwamba dawa iliyobaki ndani ya mrija wa dripu haijamfikia mgonjwa. Fuatisha chumvi kwenye mrija uleule kwa kasi ileile. Ndani ya saa hiyo na baada yake angalia kichwa kuuma ghafla, kutapika, presha kuruka, fahamu kushuka. Ukiona, zima dripu kwanza, ndipo uite.

Mama mdogo alikuwa anaongea vizuri siku mbili, siku ya tatu akaanza kusinzia. Je, amepata kiharusi kingine? – Msomaji, Bukoba

Huenda, lakini kwa kiharusi kikubwa sababu ya kawaida zaidi ni uvimbe. Ule wa mwanzo ulikuwa maji kuhama kutoka nje ya seli kuingia ndani, hivyo ujazo wa ubongo haukubadilika sana. Ukuta kati ya damu na ubongo unapovunjika, maji mapya yanaingia kutoka kwenye damu, na huo hufikia kilele kati ya siku ya 3 na ya 5. Fuvu halitanuki.

Kusinzia, kutapika, au mboni moja kutanuka ni sababu ya kurudia CT siku hiyohiyo. Kwa wenye umri hadi miaka 60 waliozibwa ateri ya kati yote, kufungua sehemu ya fuvu ndani ya saa 48 kuliongeza waliobaki hai baada ya mwaka kutoka asilimia 29 hadi 78, kwa majumuisho ya tafiti 3 za Ulaya yaliyotoka 2007, ingawa baadhi yao walibaki na ulemavu mkubwa. Kwa hiyo mgonjwa wa aina hiyo anapaswa kuwa kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji wa ubongo kabla hajaanza kusinzia. Kama mama mdogo yuko mbali na hospitali hiyo, ombeni rufaa leo. Wakati mnasubiri, kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30, shingo isipinde, na asilishwe chochote kwa mdomo hadi apimwe kumeza.